Stoo ya Vielelezo, Miaka ya Ruksa

Siku mliyoniaga kazini, kabla hata chakula hakijaisha kupakuliwa, Baraka na Neema walikuwa wameshaanza ubishi wao wa kila siku. Baraka anasema bangi iruhusiwe kisheria kama pombe na sigara, kwa sababu hizo mbili zimezika watu wengi zaidi na bado zinauzwa dukani na risiti unapewa. Neema anamjibu kwamba mtu mwenye nyoka wawili ndani ya nyumba hafungui mlango kumkaribisha wa tatu. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, mama yao wa stoo, wakataka nitoe hukumu. Nilijaza wali mdomoni nikawa natafuna mpaka mtoa hotuba akasimama. Sasa nimestaafu, nina nafasi, nitawajibu. Ila jibu lenyewe ni refu na halina hukumu ndani yake, kwa hiyo someni mkiwa mmekaa.

Niliajiriwa katika mahakama yetu ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa kinaitwa ruksa. Mitumba ruksa, duka la mtu binafsi ruksa, sabuni ya kutoka nje ruksa. Nilitoka kijijini kwetu Rutamba na cheti cha kidato cha nne na sketi moja ya heshima, nikidhani nitapewa meza na mashine ya kupiga chapa. Nikapelekwa nyuma ya jengo, kwenye chumba chenye dirisha moja la nondo, nikakabidhiwa kwa Mzee Alois, mtunza vielelezo.

Mzee Alois alikuwa Mmakonde wa kule juu uwandani, Mkatoliki asiyekosa misa, mrefu na mkavu, vidole viwili vya mkono wa kulia vimegeuka njano kwa sigara. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nina mafua. Nikasema sina. Akafungua mlango wa stoo, akasema, "Basi vuta pumzi uniambie humu kuna nini."

Nikavuta. Kwanza nilipata mkojo wa panya, hilo halihitaji kusomea. Halafu harufu ya mabibo yaliyochacha, nikasema nipa, maana gongo la mabibo kwetu nani asiyelijua. Halafu tumbaku. Harufu ya nne ilinishinda kuitaja mbele ya mtu mzima. Mzee Alois akacheka, akasema hiyo uliyoionea haya ndiyo itakayokupa kazi kuliko zote. Huo ndio ulikuwa usaili wangu, na mpaka leo naona ulikuwa wa maana kuliko huu mnaofanyiwa ninyi wa kuulizwa mnajiona wapi baada ya miaka mitano.

Stoo ilikuwa na rafu tatu. Kushoto madumu ya nipa. Katikati viroba na vifurushi vya bangi. Kulia katoni za sigara za magendo, zile ambazo hazikulipiwa ushuru. Mzee Alois aliniambia hawa watatu ni watoto wa baba mmoja: mmoja ana leseni, mmoja ana kesi, na mmoja inategemea nani kampika. Kweli ng'ambo ya barabara palikuwa na baa, na pombe iliyouzwa pale ilikuwa na nembo na tangazo la rangi ukutani. Nipa ililevya vilevile, lakini aliyeipika alikuwa mjane wa Kitomanga, basi ikalala kwetu na yeye akalala mahabusu. Baadhi ya waliokuja kusema juu yake kizimbani asubuhi niliwaona jioni ng'ambo ya barabara, wamekaa kwenye viti vya plastiki.

Nieleze kidogo kazi, maana najua stoo yenu ya sasa ina kiyoyozi na hamjawahi kupigana nayo. Nipa inakula vifuniko vya plastiki. Usipochukua sampuli mapema kwenye chupa ya soda ukaipiga lakiri, siku ya kesi utamletea hakimu dumu lenye maji ya uvuguvugu na hadithi. Bangi inakuja mbichi na inahukumiwa kavu. Ukiandika uzito bila kuandika "mbichi", wakili atasimama kuuliza nani alivuta iliyopungua, na ukumbi mzima utakutazama wewe. Sigara hazina shida ila zinahitaji kuhesabiwa mbele ya shahidi, kwa sababu zina marafiki wengi kuliko mnavyodhani, na baadhi yao wana vyeo.

Na panya. Panya wetu walipenda mbegu za bangi kupita kiasi. Mwaka wangu wa kwanza walimaliza kiroba kizima, wakabakisha lebo na uzi, na mshtakiwa akaachiwa kwa kukosekana kielelezo. Mwendesha mashtaka alitoka nje amevimba, akamwuliza Mzee Alois kama anaweza kuwafungulia panya mashtaka. Mzee akamjibu kwamba wapo, ila hawajaamka.

Wakati wa kuteketeza tulikuwa tunachoma nyuma ya jengo kwa amri ya mahakama, na kabla ya kuwasha lazima uangalie upepo. Siku moja upepo ulitugeuka katikati ya kazi ukaingiza moshi wote ukumbini, kesi zikiendelea. Mchana ule hakuna aliyefungwa. Mzee Alois aliniapia kwamba ilikuwa bahati tu ya mashauri ya siku hiyo.

Hadithi hizi nilikuwa nazipeleka nyumbani Rutamba kila nilipopata likizo, na mtu aliyezipenda kuliko wote ni mdogo wangu Shaibu. Tulizaliwa wawili tu tumboni mwa mama yetu. Shaibu alikuwa na kipaji cha kuiga mwendo wa mtu. Akimwona mtu akipita mara moja tu, jioni atakutembelea uani kwa mwendo uleule, na utamjua mtu huyo bila kutajiwa jina. Nilipomsimulia ile ya panya, alisimama akatembea kama panya aliyelewa anayejitahidi kwenda wima mbele ya hakimu, amekunja mikono kifuani kwa adabu. Mama alicheka mpaka akaanguka kwenye mkeka. Ninapokosa usingizi siku hizi, hicho ndicho ninachokumbuka, na sijui kama kinanisaidia au kinaniumiza.

Shaibu alikuwa kibarua kiwanda cha korosho. Kiwanda kikafungwa kama vilivyofungwa vingine, korosho zikaanza kusafirishwa ghafi, yeye akarudi shambani kwa mama. Kule mahindi hayavunwi bila kulindwa, nguruwe pori wanamaliza shamba mara moja. Alijenga dungu, kile kibanda cha juu ya miti, akakesha huko. Bangi alianza kuvuta kwenye dungu, alisema inamwondolea baridi na upweke. Hakuiba, hakupiga mtu, hakuacha jembe. Lakini nisimpambe pia. Kitomanga namjua kijana aliyeivuta mpaka akawa anafungwa kamba asijitupe kisimani, na mama yake akipita sokoni watu walikuwa wananyamaza. Kwa hiyo Neema usije ukasema mimi Bi Somoe naipigia debe bangi. Nasema nilichokiona kwa mdogo wangu.

Sheria ya dawa za kulevya ilipokaza, askari walianza kusimamisha magari ya kwenda mnadani. Shaibu alikuwa kwenye lori la kwenda Mtama na magunia mawili ya mihogo mikavu. Mfukoni wakamkuta na misokoto, na kwenye mfuko aliobebea shuka fungu dogo lililofungwa kwa gazeti. Kituo cha polisi hakikuwa na stoo yenye kufuli la kuaminika, vielelezo vyao vyote vilikuwa vinalala kwetu. Ndivyo fungu la mdogo wangu lilivyokuja mikononi mwangu, likiwa na lebo yenye jina lake na la baba yetu.

Kabla sijajua la kufanya, mama alifika. Alikaa kwenye benchi la nje, akaniuliza habari za kazi, habari za mumewe shangazi, habari za mvua. Halafu akaniuliza, huku anakunja pindo la kanga yake, "Wale panya wako bado wapo?"

Nikasema wapo.

"Mwaka huu watakuwa na njaa sana," akasema.

Mama yangu alikuwa mtu wa haya, na hilo ndilo lilikuwa ombi kubwa kuliko yote aliyowahi kuniomba. Lingenigharimu nini? Mlango nilikuwa nafunga mimi, nafungua mimi. Panya walikuwa na sifa zao tayari, hakuna ambaye angeshangaa. Nilimpa mama chai, nikaenda kwa Mzee Alois nikamwambia mshtakiwa ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Hapa niwaeleze jambo ambalo ninyi hamkulikuta. Stoo ile ilikuwa na desturi iliyoitwa kuvua funguo. Funguo tulizivaa shingoni kwa kamba, na ikija kesi ya ndugu yako unazivua mbele ya mwenzako, unampa, na kuanzia hapo huingii stoo wala ukumbini mpaka kesi iishe, asije mtu akasema mlikonyezana. Haikuandikwa popote. Mzee Alois aliikuta kwa aliyemtangulia, akaishika kama anavyoishika Kwaresima yake. Aliponisikia hakunipa pole wala hakuniuliza kitu. Alinyoosha mkono akasema, "Vua."

Nikavua. Kesho yake akaja na paka. Miaka yote ile hatukuwahi kufuga paka, tulisema bajeti haina maziwa. Alimtoa nyumbani kwake ndani ya kapu, akamfungia stoo karibu na rafu ya katikati. Nilijua anachofanya. Alikuwa ananilinda mimi, ili lisije likatokea la kutokea watu wakaniangalia. Lakini nawaambia ukweli, nilimchukia paka yule kuliko nilivyomchukia mwendesha mashtaka.

Siku ya kesi nilikaa nje, chini ya ukuta wa baraza, jua linanipiga. Asubuhi ileile alitoka mtu niliyemjua, fundi mwashi, aliyekuwa amelewa akamvunja mkewe mkono. Alipigwa faini akaambiwa apunguze pombe. Akanisalimia akipita, akavuka barabara kuelekea baa.

Ukumbini likaitwa jina la Shaibu. Wakati huohuo likaja lori la matangazo ya sigara mpya. Mliozaliwa baadaye hamwezi kuamini, lakini malori hayo yalikuwa yanapita mpaka miji yetu hii, na spika mbili kubwa juu, na wasichana waliovaa kofia na fulana za rangi ya pakiti, wanagawa sigara bure. Muziki ulikuwa mkubwa kiasi kwamba sikuweza kusikia neno lolote la ndani hata kama ningevunja miiko nikasogea dirishani. Msichana mmoja, mzuri, sauti laini, alinifuata pale pale ukutani akaniambia, "Karibu, mama, onja." Akaniwekea sigara kiganjani. Nikaishika. Mdogo wangu alikuwa anaulizwa habari ya majani aliyovuta, na mimi nimekaa ukutani mwa mahakama nimeshika majani mengine niliyopewa zawadi, huku serikali inaona.

Yaliyotokea ndani alinisimulia Mzee Alois. Hakimu wetu wakati ule alikuwa kijana mpole kutoka bara, si mtu mbaya, na alikuwa ametoka semina ya dawa za kulevya. Shaibu alikubali kosa. Hakimu akamwuliza ile bangi ilikuwa ya kuuza au ya nini. Shaibu akajibu kwa heshima yake yote, "Ni uraibu wangu tu, mheshimiwa."

Kwetu uraibu ni sinia. Ni tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, vinavyopitishwa kwa wageni harusini, na mtu anayekataa anaonekana ana kinyongo na wenye shughuli. Mtu akisema ni uraibu wangu, anasema ni kitu changu cha kujiburudisha, kidogo, cha adabu, kisichomdhuru mtu. Lakini huko semina neno hilohilo walikuwa wameshalichukua wakalipa kazi nyingine. Kwao uraibu ni ugonjwa wa mtu aliyetekwa na kilevi, asiyeweza tena kukiacha. Hakimu akaweka kalamu chini, akauliza, "Uraibu huu tangu lini?"

"Tangu ujana wangu, mheshimiwa," akasema Shaibu. "Kama watu wote."

Hukumu ikasema mshtakiwa amekiri kwa kinywa chake kuwa ni mraibu wa muda mrefu, na kwamba akiachwa atawaharibu wengine. Akapewa miaka mitatu, bila faini. Nilimwuliza Mzee Alois kama ni neno lile lililomfunga. Alifikiri, akasema hata angesema ni mboga angefungwa, ila labda isingekuwa mitatu. Halafu akanivika funguo shingoni mwenyewe kwa mikono yake, jambo ambalo halikuwa sehemu ya desturi. Nilimpa ile sigara ya lori. Akaivuta mpaka mwisho, macho yake yako ukutani, akasema tumbaku yao ni nyepesi.

Mzee Alois mwenyewe alikuja kuugua kifua. Daktari alimwambia wazi ni sigara, na yeye akasema wazi hawezi kuacha. Kwa maana ya semina, hakuna mraibu niliyemjua kama yule. Hakuna askari aliyekuja kwake. Tuliokuja ni sisi wafanyakazi wenzake, na tulipokuja tulimletea pakiti, kwa sababu ndiyo ilikuwa zawadi aliyoipenda. Nilimzika mwalimu wangu nikiwa sijamaliza kumkasirikia kwa sababu ya paka, na mpaka leo natamani nimpate hata kwa chai moja nimwambie kwamba alifanya sawa. Nikifundisha mtu kupiga lakiri, sauti ninayotumia ni yake.

Mama hakumwona Shaibu tena. Alifariki wakati mwanawe amebakiza mwaka mmoja wa kifungo. Hakuwahi kunilaumu, hata kwa kuugeuza uso. Wala panya hakuwataja tena.

Shaibu alitoka akaja kwangu jioni. Nilimwona tangu mbali na sikumjua, kwa sababu ya mwendo. Alikuwa anatembea hatua fupi, macho chini, mikono nyuma, kama wanavyotembezwa kwenye foleni kule. Mtu aliyeweza kuvaa mwendo wa kila mtu na kuuvua, huu mmoja ulimganda. Bangi alikuwa ameacha. Alikuwa anavuta sigara, moja inawasha nyingine, maana gerezani sigara ndizo zilikuwa pesa, na alisema mtu asiyevuta hana cha kubadilishana. Nilimpikia. Alikula kidogo, akashukuru kama mgeni.

Halafu akaniuliza, bila ukali wowote, "Dada, siku ile ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa nje. Nikamweleza kuvua funguo, nikamweleza miiko, nikamweleza kwamba nilikuwa pale pale nyuma ya ukuta muda wote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa nakutafuta," akasema. "Mzee wako nilimwona, mama nilimwona. Hakimu ananiuliza, mimi macho yako mlangoni nakutafuta wewe. Nikajibu lililokuja mdomoni."

Nilikuwa na majibu. Kwamba kama ningekuwemo ningeshukiwa pamoja naye, kwamba desturi ile iliokoa kazi za watu wengi, kwamba ningeifanya tena. Yote ni kweli na ningeifanya tena. Badala yake nilimwongezea chai akainywa.

Alikwenda Rutamba kuona kaburi la mama, akakaa siku chache, akaondoka bila kuaga. Nilisikia yuko Kilwa anabeba magunia bandarini. Nikaenda likizo ya kwanza, wakaniambia alihama. Nikasikia Mtama, nikaenda Mtama. Mtu mmoja akaniambia Shaibu hapiti mji wenye mahakama, anazunguka hata kama njia ni ndefu. Miaka ikapita, nikaacha kuuliza watu nikabaki kuangalia miguu yao. Stendi, sokoni, msibani, mtu akipita na hatua fupi moyo wangu unaruka kabla sijaona uso. Wanangu wananicheka kwamba nina tabia mbaya ya kukodolea macho miguu ya watu. Sijawaambia kwa nini.

Sasa rudini kwenye ubishi wenu. Baraka una hoja, na Neema una hoja, nami nimeshika vielelezo vya pande zote mbili, nimevipima, nimevichoma, na sikuona kwenye mizani kitu kilichoniambia nani mwenye haki. Watu wazima wenye busara kuliko mimi watakaa waamue. Lakini nina la kuwaambia ambalo siku ile lilinikaba pamoja na wali. Siku nyingine usiku redio ikizungumzia habari ya kuruhusu, naongeza sauti, si kwa sababu nataka watu wavute. Nafikiria tu kwamba huko aliko na yeye ana redio. Akisikia kwamba lile alilofungiwa si kosa tena, huenda akaona hana sababu ya kuzunguka.

Kwa hiyo waamue vyovyote. Akija hapo mahakamani mtu mzima, mrefu kidogo, anayetembea kama anaogopa kuikanyaga ardhi, akasimama mlangoni asiingie, msimwulize ana shida gani. Mpeni kiti. Mwambieni dada yake amestaafu, yuko Rutamba kwenye nyumba ya mama, anashinda nyumbani kutwa nzima.